STESHENI MPYA YAJA MTAANI: KABLA YA VIGELEGELE, ULIZA NJIA YA MIGUU

ASIKWAMBIE mtu, kwa sisi tunaoishi pembezoni mwa jiji hakuna habari tamu kama habari ya stesheni. Atokee mtu mmoja tu kijiweni aseme "treni itasimama hapa". Hata kahawa yake hajaimaliza, kiwanja cha jirani kimeshapanda bei, dalali amekwishapiga simu tatu, na mwenye nyumba wako ameanza kukutazama kwa jicho la kodi mpya.

Mimi ni mmoja wa hao wa pembezoni. Nimepanga chumba na sebule upande wa Gongo la Mboto, Dar es Salaam, na wenzangu wa huku mnajua ratiba yetu. Saa 10 alfajiri maji yako ndooni, saa 11 uko kituoni unapigana vikumbo, saa 1 asubuhi uko mjini shati limekunjamana kama limetoka mdomoni mwa mbuzi. Jioni sinema ni ile ile, ila inachezwa kinyumenyume. Ukijumlisha, saa nne za siku yako zinaishia barabarani. Kijana mwenye mpenzi, masomo ya jioni na biashara ndogo ya pembeni, hizo saa nne ni mtaji.

Ndiyo maana nikisikia stesheni nasimamisha masikio. Ila nimejifunza kitu kimoja ambacho nataka nikugawie leo, mpenzi msomaji. Stesheni ya mjini haifi kwa kukosa vioo wala vigae, inakufa kwa kukosa njia ya kuifikia. Jumba linaweza kuwa zuri hadi watu wakalipigia picha za harusi, lakini kama miguu ya mama muuza ndizi haifiki pale kwa dakika kumi, huyo mama atabaki kwenye daladala, na wewe pia.

RELI IPO TANGU ENZI ZA MJERUMANI

Wengi tunadhani treni ya mjini inakwama kwa sababu hatuna reli. Si kweli. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Tazara ikajengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Reli zote mbili zinapita katikati ya mitaa yetu. Kwa miaka mingi watoto wa Vingunguti na Karakata walikua wakiipungia mkono treni inayokwenda Bara, yenyewe hata haina habari nao.

Mambo yakabadilika tarehe 29 Oktoba 2012. Siku hiyo ndipo treni ya abiria wa mjini ilipoanza Dar es Salaam, na kwa kuwa waziri wa uchukuzi wakati huo alikuwa Dk. Harrison Mwakyembe, watoto wa mjini hawakuchelewa, wakaibatiza "treni ya Mwakyembe". Moja ilitoka Stesheni kwenda Ubungo Maziwa, nyingine ikapita kwenye reli ya Tazara hadi Mwakanga. Nauli ya mtu mzima kwenda Ubungo ilianzia Sh 400, mwanafunzi Sh 100. Mwaka 2016 ikaongezwa safari ya Pugu, ikipita Gongo la Mboto kwetu.

Sasa angalia ilivyofanyika. Hakukuwa na jumba la kifahari. Reli ilikuwepo, vichwa na mabehewa vilikarabatiwa, na njiani vikawekwa vituo vidogo. Lakini watu walijaa, tena walijaa kweli kweli. Kwa nini? Kwa sababu vituo vile vilikuwa pale pale watu walipo: Buguruni, Tabata Relini, Mabibo. Mtu anatoka mlangoni kwake na kandambili, anavuka uchochoro, yuko kituoni.

Na watu wa kubeba wapo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi milioni 4.36 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ya mwaka 2022 ikahesabu milioni 5.38. Yaani ndani ya miaka kumi tumeongezeka watu milioni moja, na wengi wetu hatukwenda kupanga Upanga wala Oysterbay. Tumekwenda Pugu, Chanika, Mbagala, Goba na Kibamba, kule ambako kiwanja kilikuwa bado kinashikika.

MDUARA WA DAKIKA KUMI

Haya, tuseme serikali imekubali: mtaa wenu utapata stesheni. Wataalamu wanaanzia wapi?

Wanaanza na ramani na bikari. Mtu mzima mwenye afya anatembea kama kilomita 5 kwa saa. Kwa dakika kumi anafika mita 800 hivi. Kwa hiyo wanaweka ncha ya bikari pale stesheni itakapokuwa na kuchora mduara wa mita 800. Waliomo ndani ya mduara ndio abiria wa kwanza. Walio nje watahitaji bodaboda, bajaji, baiskeli au daladala ya kuwaleta.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo siri ilipo. Mduara wa mita 800 una eneo la kilomita za mraba 2 hivi. Lakini huo ni mduara wa ndege. Binadamu hapiti juu ya mapaa. Kama kati ya nyumba yako na stesheni kuna bonde lisilo na daraja, ukuta wa kiwanda, au vichochoro vinavyozunguka kama utumbo wa mbuzi, zile mita 800 za kutembea zinaweza kukufikisha mita 400 tu za moja kwa moja. Mduara wa mita 400 una eneo la nusu kilomita ya mraba. Umeona? Njia ikiwa mbaya, stesheni imepoteza robo tatu ya eneo lake, na hakuna aliyegusa tofali hata moja la jengo.

Chukua mfano wa kubuni. Mtaa una watu 10,000 kwa kila kilomita ya mraba. Njia zikiwa nzuri, watu 20,000 wanaifikia stesheni kwa miguu. Njia zikiwa mbovu, wanabaki 5,000. Kwa hiyo kadaraja ka waenda kwa miguu juu ya mfereji, ambako kwenye bajeti kanaonekana kama senti za chenji, kanaweza kuleta abiria wengi kuliko ghorofa nzima ya stesheni. Lakini nani atakata utepe wa kadaraja? Utepe mzuri ni wa jumba, bwana!

MBONA TRENI ISISIMAME KILA MTAA?

Nina mshikaji wangu jirani, fundi wa majokofu, ambaye hoja yake ni nyepesi. "Kaka, si waweke stesheni kila mtaa, tatizo liko wapi?"

Tatizo, ndugu yangu, ni kwamba treni si bajaji. Ikitaka kusimama inaanza kupunguza mwendo mbali, inasimama, inashusha, inapakia, halafu inajikokota hadi irudie kasi yake. Kila kituo kinakula dakika moja, mbili au zaidi. Ukiongeza vituo vitano, umewaongezea walioko nyuma dakika kumi hivi, na mtu wa Pugu ataona afadhali arudi barabarani. Kwa hiyo wapangaji wa reli wako kwenye mizani kila siku: kituo karibu nawe, au treni ya haraka kwa yule wa mbali. Treni ya umeme inasaidia kidogo, maana inashika kasi upesi kuliko ya dizeli.

Kuna na suala la ardhi yenyewe. Mahali pa stesheni pasiwe na mteremko mkali, maana treni iliyosimama haitakiwi kuanza kuteleza abiria wakiwa mlangoni. Wahandisi wanapenda mteremko usiozidi mita 2 au 3 kwa kila kilomita. Halafu wanapenda reli iliyonyooka. Reli ikipinda, kati ya behewa na jukwaa panabaki pengo, na pengo linapenda miguu ya watoto. Ukiwaona wapimaji wanazunguka na vifaa vyao na kuikataa sehemu ambayo mtaa mzima unaitaka, usiseme moja kwa moja kwamba wamehongwa. Pengine ni kona tu.

Na kuna njia moja na njia mbili. Pale ambapo reli ni moja, treni inayokwenda na inayorudi haziwezi kupishana popote, lazima moja iingie pembeni kwenye reli ya kupishania na kusubiri. Hata reli mpya ya SGR kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, njia yake kuu ni kilomita 205, na juu ya hizo kuna kilomita 95 za mapishano na maegesho ya treni. Ndiyo maana ukitaka treni ya mjini kila dakika kumi, si suala la kununua mabehewa peke yake. Ni lazima uulize, zitapishania wapi?

WATU 600 WAKISHUKA KWA MPIGO

Daladala inamwaga watu kidogo kidogo kama chumvi. Treni inawamwaga kwa mpigo kama gunia lililopasuka.

Behewa moja la treni ya mjini, ukihesabu waliokaa na waliosimama, si ajabu kubeba watu 100. Mabehewa sita ni watu 600, sawa na daladala 20 za watu 30, zote zinashusha dakika ile ile. Sasa wape ngazi moja yenye upana wa mita 2 ya kupandia daraja. Ngazi ya namna hiyo, watu wakitembea kwa ustaarabu, inapitisha kama watu 60 kwa dakika. Piga hesabu mwenyewe: dakika kumi hadi mtu wa mwisho atoke! Na wakati huo huo wa kupanda wanateremka kwenye ngazi hiyo hiyo, vibaka nao wako kazini.

Kwa hiyo stesheni nzuri inaanza na milango mingi, ngazi pana na jukwaa lenye urefu wa kutosha treni nzima. Jukwaa likiwa fupi, abiria wa behewa la mwisho anaruka chini kwenye kokoto. Kwa kijana mwenye raba si kitu. Kwa mama mjamzito, kwa mzee wa mkongojo, kwa ndugu yetu wa kiti cha magurudumu, huko ni kuambiwa "treni si yako". Urefu wa jukwaa kwenda juu nao uwe sawa na sakafu ya behewa, mtu apite kama anaingia sebuleni kwake. Jambo hilo likikosewa siku ya kumwaga zege, kulirekebisha baadaye ni gharama na usumbufu mtupu.

Halafu kuna mambo ambayo wenye suti huwa wanayaona madogo. Choo kinachofanya kazi. Taa. Kivuli. Kina dada wengi ninaoongea nao hawaulizi treni inakwenda kasi gani. Wanauliza saa 2 usiku, kutoka stesheni hadi nyumbani, njia ina taa au ni giza? Kama ni giza, hata treni ikiwa bure hawapandi. Na mama lishe na machinga, watake wasitake, watakuja, maana penye watu 600 pana njaa na kiu. Afadhali wapangiwe sehemu yao tangu kwenye mchoro kuliko kusubiri waote mlangoni halafu mgambo waje kumwaga masufuria.

SOMO LA MAJIRANI: SYOKIMAU

Tukiwa tunajifunza, tusione aibu kuchungulia kwa jirani. Mwezi huo huo ambao sisi tulikuwa tunaizoea treni ya Mwakyembe, Wakenya walikuwa wanafungua stesheni mpya kabisa. Rais Mwai Kibaki aliifungua stesheni ya Syokimau tarehe 13 Novemba 2012, pembezoni mwa Nairobi, kando ya barabara ya Mombasa. Ilikuwa miongo mingi imepita bila Kenya kujenga stesheni mpya ya namna hiyo. Pamoja nayo zikaja za Imara Daima na Makadara, kwenye safari ya kilomita 16 na ushei hadi katikati ya jiji.

Nilipata safari ya Nairobi nikasema siondoki bila kuiona. Kilichonivutia ni wazo lenyewe. Sisi tulianza na mtu wa kandambili, wao walianza na mtu wa gari. Syokimau ilipangwa na eneo kubwa la kuegesha magari: acha gari lako hapa, panda treni, epuka foleni ya barabara ya Mombasa, ambayo wenyewe wanaijua ilivyo. Si wazo baya. Kila gari linalobaki Syokimau ni gari lisiloingia mjini.

Ila fikiria tena. Gari moja linahitaji nafasi ya kama mita za mraba 25, ukihesabu na njia yake ya kupita. Kwenye nafasi hiyo hiyo wangeweza kusimama watu kadhaa wa bodaboda, au kikajengwa kibanda cha daladala kikashusha mamia kwa saa. Ukitenga eneo kubwa la maegesho mlangoni pa stesheni, nyumba zinasogea mbali, na yule wa miguu anaongezewa safari ya kukatiza kwenye jua. Maegesho yanamfaa mwenye gari. Yule asiye nalo anauliza, "Na mimi?"

Kuna la pili. Mwaka 2017 treni ya SGR ya Kenya, Madaraka Express, ilianza kutoka Mombasa, na kituo chake kikuu cha Nairobi kikawekwa huko huko upande wa Syokimau. Yaani umetoka Mombasa kwa raha zako, umekunywa soda, umefika "Nairobi", kumbe mjini bado! Treni ya mjini ndiyo inakumalizia safari. Mwaka 2020 Wakenya wakaongeza nguvu kwa kuleta treni za dizeli zilizokwisha kutumika Hispania, ziende kwenye safari hizo za mjini. Hapo Syokimau ikapata maana mpya. Kituo kidogo cha pembezoni kikawa kiungo cha safari ndefu. Stesheni mbili zikipangwa kusalimiana, kila moja inaipa mwenzake abiria.

SISI TUNA RELI TATU ZISIZOPEANA MIKONO

Na hilo la kusalimiana ndilo linalonikosesha usingizi nikiangalia Dar es Salaam yetu.

Reli ya zamani ya Kati ina upana wa milimita 1,000. Tazara ina milimita 1,067, kwa sababu ilitakiwa kuungana na reli za kusini mwa Afrika. SGR ina milimita 1,435. Jiji moja, reli tatu, na treni ya moja haiwezi kuingia kwenye reli ya nyingine, sawa na kuvaa kiatu namba 8 kwenye mguu wa namba 10. Kuhamisha reli ni kazi ya mabilioni. Lakini kumhamisha abiria ni kazi ya ngazi, paa na ratiba. Treni haziwezi kuungana, watu wanaweza!

Ndiyo maana Pugu ni mahali pa kuangalia kwa makini. Ni Pugu ile ile ambako Mwalimu Nyerere alifundisha kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955 ili ashughulike na TANU. Ni hapo hapo Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi la SGR tarehe 12 Aprili 2017. Wakajenga Waturuki wa Yapı Merkezi na Wareno wa Mota-Engil, na abiria wa kwanza wa kulipa nauli wakaanza safari za Morogoro tarehe 14 Juni 2024. Dodoma ikafuata Julai mwaka huo huo. Stesheni kuu ya Dar es Salaam imechongwa mfano wa madini ya tanzanite, na ukitoka hapo, Pugu ndiyo ya kwanza.

Ni reli ya kujivunia, sina ubishi. Treni ya umeme iliyosanifiwa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa si mchezo. Ila hiyo ni treni ya safari ndefu. Mtu wa Pugu anayekwenda kuuza vitenge Kariakoo kila siku mahitaji yake ni mengine: treni nyingi, nauli ndogo, vituo vya karibu. Anachohitaji kutoka stesheni kubwa ni kwamba imsaidie kuunganisha. Daladala ya Chanika isimame pale, basi la Kisarawe lipite pale, na ratiba zijuane. Vilevile awamu ya tatu ya mabasi yaendayo haraka imepangwa kwenye Barabara ya Nyerere hadi Gongo la Mboto. Reli, mabasi na daladala vikikutana kwa hatua mia moja, tumepata jiji. Kila kimoja kikiwa na uzio wake na lango lake linaloangalia kwingine, tumepata majengo.

X NYEKUNDU UKUTANI

Sasa tuje kwenye lile ambalo likitajwa vijiweni kahawa inapoa. Bomoabomoa.

Stesheni haiwekwi hewani. Inakalia ardhi, na ardhi ya mjini ina mtu. Wakazi wa kando ya reli wanajua, hifadhi ya reli kwa mjini ilihesabiwa mita 15 kila upande, na vijijini mita 30. Mwaka 2017 alama ya X ilipita kwenye kuta nyingi kando ya reli jijini hapa, na si kila aliyekuwa na X alikuwa anajua kwamba amejenga ndani ya hifadhi. Wengine walinunua kwa mtu, wakapewa karatasi yenye saini ya mjumbe, wakalala usingizi.

Kwa walio nje ya hifadhi ambao ardhi yao inatwaliwa kwa ajili ya mradi, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka. Si bei ya kiwanja peke yake. Kuna thamani ya nyumba na mazao, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi, na hasara ya biashara kwa mwenye biashara. Na malipo yakipita miezi sita bila kulipwa, riba inaanza kuhesabiwa. Kwa hiyo mthamini akija, usimkimbie na usimpe panga. Hakikisha unahesabiwa, unasoma kabla ya kusaini, na unabaki na nakala yako.

Sisi wapangaji je? Ndugu zangu, hesabu ya fidia inaanza na mwenye nyumba. Mpangaji anakutana na stesheni kwa mlango mwingine, mlango wa kodi. Stesheni ikishatangazwa, chumba chenye choo cha ndani kilicho dakika tano kutoka treni hakiwezi kubaki na bei ya jana. Aliyevumilia vumbi na giza kwa miaka kumi anaondoka, anakuja mwingine mwenye mshahara mnono. Stesheni iliyojengwa kwa ajili ya mtu wa hali ya chini inaishia kumsukuma mtu huyo huyo kilomita tano mbele, kwenye daladala mbili badala ya moja. Dawa yake si kukataa stesheni. Dawa ni kupima viwanja na kujenga nyumba nyingi za bei nafuu karibu na reli mapema, na kuwa na vituo vingi vya kutosha ili kukaa karibu na treni kusiwe anasa ya wachache.

MKUTANO WA MTAA SI WA WAZEE PEKE YAO

Usiseme "mimi nitafanya nini, serikali imeshaamua". Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi mkubwa kama huu ufanyiwe tathmini ya athari kabla ya kujengwa, na wananchi wasikilizwe. Maana yake siku moja mwenyekiti wa mtaa atapiga kipaza sauti, watakuja watu na makabrasha, na watauliza maoni. Kwa kawaida vijana siku hiyo tunakuwa tunaangalia mpira. Wanaobaki ni wazee wanaouliza kuhusu makaburi, na mama mmoja anayeuliza kuhusu vumbi. Mchoro unapita.

Safari hii nenda. Vaa vizuri, kaa mbele, uliza haya. Kutoka kwangu hadi jukwaani ni dakika ngapi kwa miguu, kwa njia halisi na si ya ndege? Milango iko mingapi, na ipo pande zote mbili za reli au upande mmoja tu? Daladala na bodaboda zitasimama wapi? Njia za mtaani zitawekwa taa na mitaro na nani, kwa bajeti gani? Jukwaa litatosha treni ya mabehewa mangapi baada ya miaka 20? Bibi yangu atapandaje? Mama lishe atakaa wapi? Na treni zitakuwa ngapi kwa saa, asubuhi na jioni?

Ukiona swali la vigae linajibiwa kwa dakika ishirini na swali la njia ya miguu linajibiwa "litaangaliwa baadaye", simama tena. Jengo wakilikosea, linaweza kupakwa rangi upya. Mahali na njia vikikosewa, mtaa umefungwa miaka hamsini, na ninyi mtaendelea kuamka saa 10 alfajiri huku treni inapita na viti vitupu.

Haya wapenzi, nafasi imekwisha na mhariri ananikonyeza. Tukijaaliwa tukutane wiki ijayo, na kama umeupata mkutano wa mtaa, usinisahau kunihadithia.